Mshono wa TIG unang'aa nje, lakini ndani ya bomba umeungua: nimekosea wapi?

Fundi wa Tanga:
Wakuu, habari za kazi. Ninachomelea kwa TIG, yaani kwa moto wa umeme unaotoka kwenye ncha ya tangsteni huku gesi ya argoni ikikinga mshono, mabomba ya chuma cha pua ya inchi 4, aina ya 304L, yatakayopitisha mvuke wenye shinikizo katika kiwanda kimoja. Fimbo ya kujazia ni 308L, na kwa nje mishono yangu imepangika kama magamba ya samaki. Juzi mkaguzi aliingiza kamera ndani ya bomba, akakataa viungo vinne kati ya sita. Nilipokata kimoja nilijionea mwenyewe: upande wa ndani umejaa chengachenga nyeusi, ngumu, kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria. Argoni ya ndani, ile ya kuondoa hewa kwenye bomba, niliifungulia kwa dakika moja hivi kabla ya kuanza. Je, kosa ni muda huo, au ni moto niliotumia? Na je, ninaweza kurudia mshono juu yake bila kukata?

Mzee wa Karakana:
Pole, fundi mwenzangu. Kurudia juu yake hapana, kata. Chuma cha pua hustahimili kutu kwa sababu ya kromi iliyomo, na kinapoyeyuka mbele ya oksijeni, kromi hiyo huungua na kuwa maganda, kisha chuma kilicho chini yake kikakosa kinga. Tena zile chenga zenyewe ni mahali pazuri pa ufa kuanzia.

Moto una mchango wake, lakini mimi ninaulaumu muda. Piga hesabu: bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 kwa kila mita. Ikiwa umeziba kipande cha mita moja na unafungulia lita 10 kwa dakika, dakika yako moja imepitisha ujazo mmoja tu, nao umechanganyika na hewa iliyokuwamo. Mimi hupitisha ujazo huo mara sita au zaidi, na hata hapo siwashi tochi ya kuchomelea mpaka kipimo cha oksijeni kishuke chini ya sehemu 50 kwa milioni. Mwanya wa kiungo ufunike kwa utepe wa alumini, uubandue kidogo kidogo kadiri unavyosonga mbele. Ukikaribia kufunga mwanya, punguza argoni, kwa maana shinikizo la ndani litalisukuma dimbwi la chuma kilichoyeyuka likutokee usoni. Usiifunge baada ya mshono wa kwanza, kwa kuwa joto la mshono wa pili bado linafika ndani.

Mkaguzi Mstaafu:
Nakubaliana na Mzee. Niongeze kwamba viungo vilivyopita kamera bado vinaweza kukataliwa kwenye picha ya eksirei. Ncha ya tangsteni ikigusa dimbwi, hata kwa nukta moja, kipande chake hubaki ndani na kwenye filamu huonekana kama doa jeupe, wakati vishimo vya hewa huonekana vyeusi. Simama, saga sehemu ile, noa ncha upya kwa urefu wake. Pia usikate moto ghafla mwishoni. Ushushe polepole, la sivyo kitabaki kishimo chenye ufa wa nyota.

Na tafadhali, usiingize kichwa ndani ya bomba kubwa au tangi lililojazwa argoni. Haina harufu, na mtu huanguka bila kuhisi lolote.

Fundi wa Tanga:
Nashukuru sana, wazee wangu. Nimekata vyote vinne na kuvirudia kwa utaratibu huo. Vitatu ndani vina rangi ya fedha, pembeni dhahabu hafifu. Cha nne ni safi upande wa chini, ila upande wa juu kina buluu iliyokolea, kama kilichoguswa na hewa. Kipimo kilisoma 40.

Mzee wa Karakana:
Tundu la kutolea hewa ulilitoboa wapi?

Fundi wa Tanga:
Chini, kwenye kizibo, sambamba na mpira unaoingiza argoni.

Mzee wa Karakana:
Basi ndiyo hiyo. Argoni ni nzito kuliko hewa, hivyo imeingia chini na kutokea chini, hewa ikabaki imejibana juu, na kipimo chako kimesoma kile kilichotoka chini. Ingiza chini, tundu liwe juu kabisa, na kipimo ukiweke kwenye tundu hilo.