Kampuni ya usanifu iliyojiita bingwa wa majengo ya kale imetuharibia jengo la babu pale Kisutu, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa na jambo hili tangu masika na sasa limenifika shingoni.

Jana asubuhi kipande cha lipu ukubwa wa sinia kimebanduka ukutani chumba cha mbele na kuangukia meza ya dada wa mapokezi. Pona yake alikuwa ametoka kufuata chai. Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Pale lipu ilipotoka jiwe limelowa, unaweka kiganja kinarudi na maji, na juu ya jiwe kuna unga mweupe kama sembe. Niliugusa nikalamba kidole. Chumvi tupu. Nikachukua ufunguo nikaanza kugonga ukuta uliobaki, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua: unalia kama debe tupu. Maana yake lipu yote imeshaachana na jiwe, inasubiri tu kudondoka.

Jengo lenyewe marehemu babu alilinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Duka chini, watu juu. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa, nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu haifiki nje. Dari ya chini imebebwa na boriti za mikoko, roshani ya mvule inatazama barabarani, na mwaka wa kujengwa ulichorwa kwa chokaa juu ya mlango mkubwa. Mama yangu amezaliwa chumba cha nyuma cha juu. Mvua zote zilizopiga mji huu, hata yale mafuriko ya Desemba 2011, kuta zile hazikuwahi kutema lipu namna hii. Zilikuwa zinalowa, zinakauka, maisha yanaendelea.

Tulipoamua kulifanya la ofisi, ndugu wote tulikubaliana tusimpe fundi wa mtaani. Tuliogopa kuharibu. Tukatafuta kampuni ya wabunifu majengo yenye jina, ofisi yao ipo mjini kati. Walituonyesha picha za ofisi za vioo walizosanifu na za majengo ya kale waliyokarabati, wakasema kazi zote mbili ndizo fani yao. Hilo ndilo lililotufanya tutie saini. Ada ya usanifu na usimamizi hatukuchelewesha hata awamu moja. Mama aliuza kiwanja chake cha Kigamboni ili kazi imalizike.

Sasa sikilizeni walichofanya. Walibandua karibu chokaa yote ya zamani, ndani na nje, wakapiga lipu ya saruji. Juu yake skimu, ule utando laini wa kusawazisha ukuta, juu yake rangi ya mafuta. Madirisha ya mbao, yale yanayopitisha upepo hata yakiwa yamefungwa, wakayang'oa na kuweka vioo vya alumini visivyofunguka, wakajaza viyoyozi. Dari ya jipsamu wakaishusha chini ya boriti, kwa hiyo boriti hazionekani wala hazipati hewa, na mchwa akiingia humo hakuna atakayemjua mpaka dari ianguke. Vigae vya maua vya sakafuni vilivunjwa vyote. Mbao za roshani waliniambia zimeoza. Nilizishika kwa mikono yangu kabla hazijapakiwa kwenye kirikuu, hazikuwa zimeoza.

Kwa wasiojua, tumbawe lina matundu na linanyonya maji kutoka ardhini, na Kisutu hatuko mbali na bahari, chumvi ipo. Chokaa inaruhusu yale maji yatoke polepole usoni pa ukuta. Saruji hairuhusu. Ukiliziba jiwe kwa saruji pande zote mbili, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta, na pale yanapopata upenyo wa kukauka yanaacha chumvi. Chumvi ikiganda inavimba, inasukuma lipu, inasaga na jiwe lenyewe. Hii si elimu ya siri. Watu wa Mji Mkongwe Unguja wanaijua, wa Bagamoyo wanaijua. Nendeni Boma la Kale hapo Barabara ya Sokoine, jengo la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Kuta zake ni mawe hayo hayo, zimepigwa na upepo wa bahari zaidi ya miaka 150, na zipo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walionywa. Pale saiti alikuwepo mzee mmoja fundi, mtu wa Unguja, mkandarasi alimleta kuziba nyufa. Siku ya kwanza walipokoroga saruji alimwambia msimamizi wa hao wabunifu mbele yangu: "Mwanangu, jiwe hili linakunywa maji. Ukiliziba litatafuta pa kuyatoa, na hutapapenda." Yule kijana akamjibu, "Mzee, fuata ramani." Na mimi nilikuwepo nikanyamaza, kwa sababu nilisema hawa ndio wamesoma. Wiki iliyofuata mzee hakuonekana tena.

Tulikabidhiwa jengo Januari. Aprili mvua zilipokolea rangi ikaanza kufura malengelenge. Mpangaji wetu wa kwanza, watu wa kutoa mizigo bandarini, mafaili yao yaliota ukungu kabatini na mwezi wa sita wakahama. Niliandika barua pepe tatu. Baada ya wiki tano nikajibiwa kwamba huo ni "unyevu wa kawaida wa mji wa pwani" na kwamba tupake rangi ya kuzuia maji. Yaani tuzibe tena juu ya palipozibwa! Tena kipindi cha matazamio, ule muda wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano, hakijaisha. Nikipiga simu naambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Nimekwenda ofisini kwao mara mbili na mama yangu, mtu mzima anayetembelea fimbo, tukaketishwa sebuleni saa nzima na mtu hakutoka.

Sisemi jengo la kale lisiwe ofisi. Litumike, lisipotumika litaishia kama lile jengo la kale la Salamander pale Barabara ya Samora, lililovunjwa tukitazama. Lakini mtu anayejua kusanifu ofisi za vioo asichukue hela za watu kwa jina la ukarabati kama hajui tofauti ya chokaa na saruji.

Ninachotaka kwao ni kubandua saruji yote kwa gharama yao, kurudisha lipu ya chokaa, na kufungua dari ili boriti zikaguliwe. Jina la kampuni silitaji hapa kwa sababu malalamiko nayaandaa kwenda Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na sitaki wapate kisingizio. Aliyewahi kufikisha shauri pale bodi aniambie alianzia wapi na aliambatanisha nini. Nina mkataba, ramani, picha za kabla na baada, na hizo barua pepe zote.

Na ombi la pili, hili ni la haraka. Natafuta fundi wa chokaa, anayejua kuizima kwa maji na kuilaza shimoni mpaka iive, si wa kuchanganya na saruji kidogo ili ikauke upesi. Kama kuna anayemfahamu yule mzee wa Unguja, tafadhali mwambieni namtafuta. Jumamosi naanza kubandua ukuta wa mbele kwa patasi na nyundo, taratibu. Ule mwaka uliokuwa juu ya mlango wameupiga lipu juu yake, na mama ananiuliza kila siku kama bado upo chini.