Ku gitare elektriki nianze na gani: Smoke on the Water, Satisfaction ao Back in Black?

mwana_katuba
Bayaya jambo. Mi nilikomalia gitare mu kanisa, miaka 4 napiga akompa (kusindikiza baimbaji), do fa sol, na sebene kidogo wakati pasta anapumuzika. Sasa rafiki moja alinipatia gitare yake ya elektriki, ampli kadogo ya wati 10 na pedali moja ya disto, yenye kukwaruza sauti, na nataka kujua wimbo moja tu ya roki ya zamani, lakini niipige muzuri mpaka mutu mwenye kuisikia asiulize "hiyi ni nini". Kuran (umeme) kwetu inakuya usiku, inaenda saa yenye inapenda, kwa hiyo muda haiko mingi. Mungenishauria gani mu hizi tatu?

basi_ya_kenya
Satisfaction, bila kufikiria. Ni noti tatu tu ndugu, si, do dieze na re, zote ku kamba ya la, kaze (nafasi ku shingo ya gitare) ya 2, ya 4, ya 5, haurukie kamba ingine. Na pedali yako itatumika: mu 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alipigia ile sehemu ku pedali ya fuzz, ndugu ya disto, mu kichwa yake ilikuwa ya matrompeti, gitare ilikuwa inashikilia nafasi yabo tu. Matrompeti hayakuya, fuzz ikabakia. Saa moja uko nayo.

yaya_solo
Saa moja ya kuijua, mwezi muzima ya kuipiga, juu unairudilia rudilia na ikipanda ao ikishuka mwendo kidogo tu bote banasikia.

Mi nasema Smoke on the Water, lakini haiko vile batoto banaipiga. Weka mutu mbele ya gitare yoyote ataipiga ku kamba moja, ao atakwaruza na mediatori, kale kaplastiki ya kupigia. Ritchie Blackmore, mupiga gitare wa Deep Purple benye wimbo, hakwaruze, anavuta kamba mbili mara moja na vidole, ya re na ya sol, sawa mutu anachomoa mwiba. Kaze ni hizi: wazi (bila kubonyeza), 3, 5. Wazi, 3, 6, 5. Wazi, 3, 5, 3, wazi. Njo yote. Na mediatori kamba moja inalia mbele ya ingine, kidogo sana, lakini disto inakuza ile kidogo.

Na wewe mutoto wa Katanga, vidole ni mambo ya kwetu! Sikiliza wimbo Masanga ya Mwenda Jean Bosco, yenye Hugh Tracey, mukusanya muziki ya Afrika, alirekodi mu 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo: gumba na kidole cha kuonyesha, hakuna ingine, na unazania ni bantu babili banapiga. Mediatori ya kanisa weka mu mufuko.

kijiko_cha_bukari
Samahani naingilia, mi miaka yote nilizania Smoke on the Water ni wimbo ya bavuvi 😂

yaya_solo
@kijiko hapana, ni moto ya kweli. Tarehe 4 ya mwezi wa 12, 1971, kazino ya Montreux kule Uswisi iliungua wakati Frank Zappa, mwanamuziki wa Amerika, na bantu bake banapiga, mutu moja mu salle alifyatua bastola ya ishara. Deep Purple balikuwa bamefika kurekodi pale pale, bakaona moshi inatambaa juu ya ziwa. Albamu yenye ile wimbo ikatoka 1972.

da_pedali
Munasahau Back in Black ya AC/DC, na mi njo ilinifundisha kupiga. Akordi ni mi, re, la, inaonekana ya bule. Sasa ingia ndani: kati ya akordi na akordi kuko kimya, na ile kimya ni sehemu ya wimbo. Siku moja tuko mu repetisheni ya kwaya, nikapiga akordi ya mi, nikatoa mukono, ampli ikalia kama sirene, bamama ba alto bakafunga masikio na kiongozi akachomoa kable yangu bila hata kuniuliza. Kuzima kamba kunaomba mikono mbili: ya kuume unalalisha upande ya kiganja ku kamba, ya kushoto unalegeza vidole pashipo kuviondoa. Tena shusha disto, AC/DC wanatumia kidogo kuliko unavyowaza.

Lakini kwa kuanza, hapana. Ile mistari ya mbio mbio ku kamba nyembamba itakuliza. Fata yaya.

mwana_katuba
Asanti sana. Nisomee mu tablatura (namba za kaze ku karatasi) ao nifate video? Mega zangu za interneti ni za kuhesabu.

basi_ya_kenya
Tablatura nyingi za bule zina makosa. Shusha video moja mara moja, uiangalie ku nusu mwendo.

yaya_solo
Mi nasema sikio, namba nimekuandikia tayari hapo juu. Na kuran ikikosa usiache, gitare ya elektriki bila ampli inakuambia ukweli: weka sikio ku mbao, utajua kama kamba mbili zinaondoka pamoja.

mwana_katuba
Wiki mbili sasa. Zinaondoka pamoja, hata mama aliitambua akiwa ku jiko anasonga bukari. Lakini nikiwasha disto, zile kamba wazi zinaendelea kulia mpaka nibonyeze kaze ya 3, noti zinashikana, inakuwa fujo.

da_pedali
Karibu ku shida yangu.

yaya_solo
Usibonyeze 3 kwanza. Gusa kamba bila kubonyeza, zinyamaze, kisha bonyeza. Na vidole vya kuume virudi ku kamba kabla ya kuvuta tena. Pole pole, mpaka usisikie mukia ya sauti.

mwana_katuba
Nasoma hii na kuran ndiyo imerudi. Naenda.