Naomba ushauri: hekalu la moto la Wazoroastria, Yazd

Habari zenu wakuu. Natarajia kwenda Iran kutembea, na hasa ninaufuata ule moto wa Atash Behram (moto mtakatifu wa daraja la juu kabisa kwa Wazoroastria, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi) mjini Yazd. Unasemekana haujazimika tangu karne ya 5, ingawa jengo lenyewe ni la 1934 tu. Najua mgeni huutazama kupitia kioo, sina neno. Kwa Waparsi, yaani Wazoroastria wa India, mfano hekalu la mji wa Udvada, asiye wa dini yao haingii kabisa.

Kwa waliowahi kufika: mimi ni mwanamke, je, mtandio wa kawaida unatosha? Picha wanaruhusu? Na ukimkuta mtu anasali, unasubiri nje au unakaa kimya pembeni?

Pia nataka kufika Chak Chak, hekalu lao la mlimani, kule maji yanakodondoka mwambani. Mwezi Juni Wazoroastria huenda kuhiji. Nikienda kipindi hicho nitakuwa kero kwao?

Shemeji ananivutia Baku, Azerbaijan, eti Ateshgah, hekalu la moto la huko, ni rahisi zaidi. Lakini moto wa asili pale ulizimika 1969, sasa unawaka kwa gesi ya bomba. Jiko la gesi ninalo nyumbani.