Santuri ya Nirvana, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mtoto wa Ngamiani (mleta mada)
Habari za wakati huu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua santuri za zamani. Naishi Tacoma, jimbo la Washington. Kuna mzungu mmoja wa makamo anauza santuri ya Nirvana, bendi ya rock ya Marekani, ile ya onyesho lao la MTV Unplugged in New York, toleo la mwanzo kabisa. Anataka dola 4,500 na amesema hapunguzi hata senti. Tumepanga kuonana Jumamosi. Swali langu ni fupi: bei hiyo ni ya haki au ananilalia? Na santuri ikikaa miaka thelathini inakuwa bado nzima? Matani tuweke pembeni, nina mawazo mengi na usingizi haupatikani.

Kipanga wa Pasiansi
Dola 4,500 ni zaidi ya milioni kumi za kwetu. Kwa sahani ya plastiki! Mkuu, hizo ni bodaboda tatu zinakuingizia hesabu kila jioni. Nunua bodaboda, huo muziki upo kwenye simu.

Mama Nuru
Mwanangu, pole na majukumu ya ugenini. Mie santuri sizijui, ila nimelea watoto na wajukuu. Mtu akiuliza bei halafu akasema hapati usingizi, basi si bei inayomkosesha usingizi. Sema yote.

Fundi Redio
Nijibu la kitaalamu. Santuri haiozi. Inaharibiwa na joto, vumbi na kulazwa. Isimamishe wima kama kitabu kwenye kabati, shika kingo tu, usiguse mifereji kwa vidole. Iangalie kwa taa kali kabla ya kulipa, mikwaruzo ya juu juu haisikiki, ile inayokwama kwenye ukucha ndiyo mbaya. Kwa anayetaka sindano za gramafoni, ninazo, nipo Gerezani, Dar, njooni faragha.

Mzee wa Kaseti
Kijana, nimekusanya muziki wa Seattle tangu ukiwa mpya. Santuri hiyo hata ikiwa safi kama imetoka dukani haifiki maelfu ya dola. Kuna kitu kwenye hiyo santuri hujakiandika.

Mtoto wa Ngamiani
Shikamoo Mzee. Ni kweli. Sikutaka kuandika kwa sababu humu kuna watu wa jimbo hili, wanaweza kuniwahi. Jalada lina saini ya Kurt Cobain mwenyewe, mwimbaji wa Nirvana, kwa kalamu ya rangi ya fedha, na muuzaji ana cheti cha uhalali chenye mhuri.

Sasa wanaocheka bodaboda nisikilizeni. Gitaa alilopiga usiku ule, Martin D-18E la mwaka 1959, liliuzwa kwenye mnada Juni 2020 kwa zaidi ya dola milioni sita. Sweta alilovaa, chakavu, lina tundu la sigara, liliuzwa dola 334,000 mwaka 2019. Kitu cha onyesho lile hakishuki bei. Nanunua 4,500, nauza mara kumi.

Na si biashara tu. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuwasikiliza. Mwaka 1993 alirudi likizo Tanga na kaseti ya onyesho hilo, tukaisikiliza mpaka utepe ukaliwa na redio. Nyumba nzima ya Ngamiani iliujua ule muziki. Nikimwambia nimeishika santuri yenye saini, atafurahi kuliko nikimpa gari.

Mtumishi Elia
Hakuna anayesema ukweli humu. Watu mnajua jukwaa la usiku ule lilikuwaje? Mayungiyungi na mishumaa myeusi. Aliyeandaa kipindi alimuuliza Cobain kama anataka pafanane na msiba, kijana akasema ndivyo hasa. Miezi mitano baadaye akajiua. Umeondoka Tanga salama ukaende kununua msiba wa watu? Kimbia.

Wa Kisauni
Elia, hayo ni maua tu. Mtu aliyekuwa na maumivu alitaka chumba kifanane na moyo wake.

Mie nimekumbuka mbali. Marehemu baba alikuwa na santuri za Mbaraka Mwinshehe, sanduku zima, za Morogoro Jazz na za Super Volcano. Alipofariki ndugu walikaa siku tatu wakigombea shamba na cherehani. Sanduku hakuna aliyeliuliza. Nikalichukua mimi, binti wa mwisho. Leo wanapiga simu kutoka Nairobi na Ujerumani wananiuliza bei, na wale wale ndugu ndio wanaotaka mgao. Siuzi. Kwa hiyo namwelewa mleta mada kutaka kitu cha kushika mkononi.

Kipanga wa Pasiansi
Dada, sanduku hilo lina Mbaraka yupi? Ile ya Expo 70 unayo? Tuachane na wazungu tuongee mambo ya maana.

Mzee wa Kaseti
Marahaba kijana. Tulia nikueleze, maana onyesho hilo nalijua kuliko njia ya kwetu.

Lilirekodiwa tarehe 18 Novemba 1993 kwenye studio za Sony Music, New York. MTV walitaka nyimbo zilizovuma, Cobain akakataa. Katika nyimbo kumi na nne, uliovuma kweli ni mmoja. Sita ni za watu wengine: akaleta ndugu wawili wa Meat Puppets wapige naye nyimbo zao tatu, akachukua mmoja wa The Vaselines na mmoja wa David Bowie, akafunga na wimbo wa zamani aliousikia kwa Lead Belly, mpiga gitaa Mweusi wa Louisiana. Walipiga yote kwa mkupuo mmoja. Walipomwomba aongeze wimbo akakataa, kwa kuwa alijua hawezi kuupita ule wa mwisho. Na hilo gitaa la mamilioni unalolitaja alilipitisha kwenye kikuza sauti cha umeme, kimefichwa kwenye sanduku ili watu wasikione, maana bila umeme hakujiamini. Mimi ndiyo maana napenda rekodi hiyo. Kila kitu humo kinatetemeka na bado kimesimama.

Sasa sikiliza tarehe. Desemba 1993 kipindi kinarushwa kwenye televisheni. Hakuna santuri, hakuna jalada. Tarehe 5 Aprili 1994 Cobain anafariki nyumbani kwake Seattle. Agosti, kampuni ya muziki ya Geffen wanatangaza toleo la santuri mbili kwa jina la Verse Chorus Verse, onyesho hili likiwa nusu yake. Krist Novoselic na Dave Grohl, wenzake wa bendi, wanashindwa kukaa na kanda za mwenzao na kuzichambua, mpango unavunjika. Onyesho la New York linatoka peke yake tarehe 1 Novemba 1994.

Jalada lililotoka Novemba lilitiwaje saini na mtu aliyefariki Aprili?

Fundi Redio
Nimesoma mara mbili. Hapo kwenye Aprili na Novemba hapo.

Kipanga wa Pasiansi
Umepigwa mkuu. Pole.

Mtoto wa Ngamiani
Sijapigwa, bado sijalipa yote.

Na hilo la tarehe muuzaji ameshanieleza. Anasema ni jalada la majaribio, lilichapwa mapema, yeye alikuwa fundi wa taa pale studio ndipo akasainiwa. Cheti kinaandika hivyo hivyo. Mtu hawezi kutengeneza mhuri wa namna ile.

Mzee wa Kaseti
Jalada la majaribio la kazi ambayo mwezi Agosti ilikuwa bado inaitwa jina lingine? Mhuri unachongwa hata nyuma ya stendi ya basi, kijana wangu.

Mama Nuru
Nyote mmeruka neno. Amesema hajalipa yote. Mwanangu, umelipa ngapi, na hela ni ya nani?

Mtoto wa Ngamiani
Mama, nimetoa advansi ya dola 1,500. Nimemtumia moja kwa moja kwenye akaunti yake.

Mama Nuru
Umejibu la kwanza. La pili?

Mtoto wa Ngamiani
Ni mchango wa ndugu. Kaka aligongwa, anatakiwa kubadilishwa nyonga. Ndugu wa Tanga, Dar na Muscat wanatuma kwangu kwa sababu mimi ndiye mweka hazina. Zimefika nusu na zimekwama hapo, kila mtu amechoka kuchangia. Hospitali haipokei nusu. Mimi sijala hela ya mtu. Nimeona njia ya kuifanya nusu iwe nzima, tena kwa kitu ambacho kaka mwenyewe anakipenda. Mngekuwa nyie mngekaa mnaiangalia tu ikilala benki?

Mama Nuru
Ningekaa naiangalia, ndiyo. Hela ya mgonjwa haichezewi. Hao wa Muscat wanajua?

Mtumishi Elia
Niliwaambia kuhusu ile mishumaa.

Wa Kisauni
Elia, wacha. Kijana anaumia. Lakini kaka, mchango ni amana. Hata ungepata faida, ungekuwa umeikopa bila kuomba.

Jicho la Mwewe
Wakuu mnashauri hewa. Hii ni chai. Rudini juu msome. Anasema kaka yake alirudi Tanga mwaka 1993 na kaseti ya onyesho hilo. Mzee ametupa tarehe: limerekodiwa Novemba 1993, limetoka Novemba 1994. Kaseti hiyo aliinunua wapi, tumboni mwa studio? Tarehe ile ile inayomuumbua muuzaji inamuumbua na yeye. Na akaunti yake ya humu jukwaani imefunguliwa mwezi huu. Kesho kutwa mtaona namba ya kuchangia nyonga.

Kipanga wa Pasiansi
Duh. Mwewe umeona mbali. Mleta mada, weka picha ya santuri, ya cheti na ya risiti.

Fundi Redio
Mimi nilishaanza kumhurumia. Chai yenyewe ya maziwa.

Mtoto wa Ngamiani
Sijaomba shilingi ya mtu humu. Someni tena, sijaomba. Mwaka 1993 nilikuwa sijaanza hata shule, mnataka nikumbuke tarehe ya kaseti? Labda ilikuwa 95. Nakumbuka jua, nakumbuka redio, nakumbuka kaka. Picha ya risiti siweki, ina jina langu na ndugu zangu wanaweza kuiona.

Jicho la Mwewe
Labda 95. Sawa.

Mzee wa Kaseti
Mwewe, watu wazima hukosea mwaka waliooa, sembuse mtoto na kaseti. Zile zetu nyingi zilikuwa za kunakiliwa dukani, unapeleka kanda tupu, unalipa, unarudi jioni. Hazikuwa na mwaka wala picha.

Ila nina swali moja kwake. Kama mliisikiliza mpaka utepe ukaliwa, niambie mwisho wa wimbo wa mwisho kuna nini. Usiende kutafuta.

Mtoto wa Ngamiani
Anapiga kelele, sauti inapasuka. Halafu karibu na mwisho kabisa ananyamaza, unasikia anavuta pumzi, kisha ndiyo anamalizia. Kaka alikuwa anairudisha kaseti hapo hapo. Alikuwa anasema, sikiliza, hapo mtu amechoka lakini anamaliza.

Mzee wa Kaseti
Ndipo penyewe. Mimi nimemwamini.

Jicho la Mwewe
Intaneti nzima inaijua hiyo pumzi. Mimi bado.

Binti wa Kent
Nimekuwa nasoma kimya. Iwe chai au isiwe, kama hela ilitumwa kweli piga simu benki leo, usisubiri Jumamosi. Waambie umeuziwa saini ya kughushi, waeleze tarehe kama Mzee alivyoziandika. Hela iliyotumwa akaunti kwa akaunti kuirudisha ni ngumu, lakini wakipata taarifa mapema kuna nafasi. Ripoti polisi pia, upate namba ya kesi.

Mtoto wa Ngamiani
Dada nashukuru. Benki nitapiga. Lakini Jumamosi lazima niende, nisipokwenda atasema nimevunja makubaliano na advansi imepotea. Na kama Mzee amekosea? Kama lilikuwepo jalada moja tu la majaribio, na ndilo hilo? Mzee, niandikie maswali ya kumuuliza.

Mzee wa Kaseti
Swali ni moja. Muulize ilikuwa siku gani aliposainiwa, na umwache aseme mpaka amalize, usimsaidie. Akitaja tarehe yoyote kabla ya Aprili 1994, mwombe akuonyeshe kitu kingine chochote chenye jalada hilo cha kabla ya Agosti. Hatakuwa nacho.

Mama Nuru
Na leo hii mpigie mmoja wa Muscat, yule mkubwa. Asisikie kwa mtu mwingine.

Mtoto wa Ngamiani
Wa Muscat nitampigia nikishaonana na muuzaji. Akinionyesha ushahidi namalizia malipo, asiponionyesha nadai advansi yangu.

Binti wa Kent
Huendi peke yako. Mie nipo karibu, na Ijumaa natoka zamu ya usiku. Mwambie mkutane mahali penye watu wengi, nitakukuta hapo saa tatu asubuhi. Kadi ya benki iache nyumbani.