Naomba ushauri: Mustang yenye nembo ya T-5, nitapataje historia yake ya Ujerumani?

Wakuu, habari zenu. Nipo Houston, nimenunua Ford Mustang ya 1967 ambayo ubavuni imeandikwa T-5. Kwa wasiojua, Ujerumani jina Mustang lilikuwa mali ya kampuni ya Krupp, ikabidi Ford wauze gari lao kule kwa jina hilo jingine.

Tatizo, hizo nembo siku hizi zinatengenezwa upya, yeyote anabandika. Nimekagua: spidomita ni ya kilomita, na kibati cha mlangoni kina namba ya wilaya ya mauzo ya Ford inayoanza na 9, yaani gari la kuuzwa nje. Marti Report, yaani ripoti inayotokana na kumbukumbu za Ford za utengenezaji wa gari, nimeagiza (bahati yangu, magari ya kabla ya 1967 hayamo), ila itaniambia lilivyotoka kiwandani tu.

Chini ya zulia nimekuta kipande cha risiti, kinasomeka "Kaisersl" basi. Je, ni Kaiserslautern, mji ule wa Ujerumani wenye wanajeshi wa Marekani? Muuzaji hana habari, alinipa kadi ya Texas tu.

Mlioko Ujerumani, ofisi za usajili bado zina mafaili ya miaka ile? Nikiwapelekea namba ya chesisi bila namba ya zamani ya usajili, watanisikiliza kweli?