Kitalu nyumba Kibaha: joto nyuzi 41, maua ya nyanya yanapukutika

Mkulima_Pwani:
Wakuu, habari zenu. Kitalu ni mita 8 kwa 15, kuta ni nailoni tupu isipokuwa dirisha la wavu la mita 1 kila upande. Miche 300 ya nyanya ndefu, imefungwa kamba. Vichala viwili vya chini vimebeba vizuri. Kuanzia cha tatu, kikonyo kinageuka njano na ua linadondoka. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma 41. Nichukue feni au mashine ya kupuliza ukungu wa maji?

Fundi_Vitalu:
Mkuu, vyote viwili viache kwanza. Feni haishushi joto chini ya lile la nje. Ukungu wa maji unapoza mahali penye hewa kavu kama Dodoma. Pwani hewa imeshajaa unyevu, utaishia kulowanisha majani na kualika ugonjwa wa bakajani.

Chavua ya nyanya inaharibika joto likipita 35, na usiku wa joto unazidisha. Hewa moto hupanda na kukwama chini ya paa, ndiyo maana vichala vya juu ndivyo vinavyoumia.

Toa nailoni ya ukutani. Bakiza sentimita 60 chini kuzuia matope ya mvua, kwingine kote weka wavu wa matundu 50 kwa inchi. Wavu wa matundu madogo hivyo unabana upepo sana, kwa hiyo mita 1 haitoshi kabisa. Kisha fungua paa kileleni kwa urefu wote, upana wa sentimita 80, nao ufunikwe wavu. Uwazi huo utazame magharibi: pepo za kaskazi na kusi zote hutokea upande wa bahari, zitavuta hewa moto nje badala ya kuirudisha ndani. Kibaha kazi ya nailoni ni kuzuia mvua, si kutunza joto.

Halafu hakikisha kipimajoto kipo kivulini, usawa wa vichala. Kikipigwa na jua kinadanganya.

Mama_Mboga:
Naongezea kivuli. Wavu wa asilimia 30 hadi 35, utandazwe NJE, sentimita 30 juu ya nailoni. Ule mweusi wa asilimia 70 ni wa kitalu cha miche, kwa nyanya utapata majani bila matunda. Masika mawingu yakitanda, uondoe.

Maji: mche uliobeba unataka kama lita 2 kwa siku ya jua kali, yaani lita 600 kwa kitalu chako. Gawa mara nne, ya mwisho saa tisa alasiri. Ukimwaga yote asubuhi, mchana mizizi inakauka, madini ya chokaa (kalsiamu) hayafiki kwenye tunda na utaona kitako cheusi kinachooza. Tangi nalo likae kivulini.

Mkulima_Pwani:
Asanteni sana. Kuta zikiwa wavu mtupu, kantangaze (yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya) haitaingia?

Fundi_Vitalu:
Nondo wake hapiti matundu 50, na inzi weupe wanaoleta rasta (ugonjwa wa virusi unaokunja majani) kwa kiasi kikubwa wanazuiwa. Thripsi, wadudu wadogo sana, watapita. Kantangaze huingia mlangoni: weka milango miwili yenye nafasi ya mita 2 katikati, wa kwanza ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa. Miche mipya ikague chini ya majani kabla haijavuka.

Mama_Mboga:
Na upepo wa ndani ni mdogo, kwa hiyo gonga waya wa juu unaoshika kamba za miche kwa fimbo kila siku kati ya saa nne na saa sita ili chavua idondoke.