Meza mmeniuzia, mnunuzi yuko wapi? (Maonesho ya teknolojia Unguja)

Assalaam aleikum wanajamvi. Nna hasira leo, kwa hiyo anayetaka maneno ya kubembelezwa apite, nyuzi nyengine zipo.

Juzi nimerudi kwenye maonesho ya teknolojia yaliyofanywa hapa Unguja. Waandaaji siwataji. Waliokuwepo wanawajua, na wasiokuwepo hawajakosa kitu. Siku nne. Meza moja na viti viwili vya plastiki, laki tatu na nusu. Umeme unalipia mbali, na waya wa kuuvutia uje nao mwenyewe. Waifai tuliyoahidiwa ilikuwepo kwenye tangazo tu. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyeandika programu ya kifaa chetu, katoka Wete alfajiri mpaka Mkoani, kapanda boti, kafika Malindi hajiwezi kwa mawimbi, na hata kupumzika hakupumzika, kaja moja kwa moja kupanga meza. Kwa siku zote nne tumeuza vifaa viwili. Kimoja kanunua mjomba wangu, na nadhani alinihurumia.

Nikwambieni tunachouza, asije mtu akadhani ni miujiza. Mnajua maji ya mitaani kwetu yanakuja saa yatakayo yenyewe, na mara nyingi ni usiku mkubwa. Mama zetu wanalala sikio liko uani, wanasubiri mfereji ukorome, wainuke wakawashe pampu. Kidude chetu kinafungwa kwenye bomba la kuingilia. Maji yakija kinawasha pampu, tangi likijaa kinazima, na kinakutumia ujumbe kwa laini ya simu ya kawaida. Basi, hakuna zaidi. Lakini shangazi yangu wa Fuoni tangu tumfungie analala mpaka adhana ya alfajiri, na hilo kwake ni kubwa kuliko roketi.

Sasa kitu kama hiki kinataka nani aje mezani? Wauza pampu na mabomba wa Darajani na Mwanakwerekwe. Mafundi bomba. Wenye nyumba za kupangisha. Mameneja wa vihoteli vya Nungwi na Jambiani. Hakuja hata mmoja, kwa sababu hakualikwa hata mmoja. Nimeuliza. Jibu nililopewa: "Tulitangaza redioni."

Waliojaa ni wanafunzi wa skuli, mabasi kwa mabasi. Sina ugomvi na watoto, mtoto akiona kitu leo kesho anakitengeneza, na wawili watatu waliuliza maswali ya maana kuliko wakubwa wote waliopita pale. Lakini mtoto hana pampu. Wengi walikuwa wanakusanya peni na vipeperushi, na mmoja kaniangalia juu mpaka chini akauliza kama sisi hatutoi fulana.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alitajwa saa tatu, kaja saa sita kasoro. Muda wote huo tumekatazwa kuondoka mezani, hata msalani tukenda kwa zamu. Akapita na msururu wake. Akasimama mbele yetu, kamera zikamulika, akauliza, "Hii mnaagiza China?" Nikafungua mdomo nimueleze, keshavutwa banda la pili. Picha ipo, imesambazwa, na mie nimetoka mdomo wazi kama samaki changu aliyeopolewa sasa hivi. Kuanzia saa kumi za jioni likawa jukwaa na spika. Mtu akikuuliza bei unamuonesha kwa vidole.

Na hili la vyoo mnisikilize vizuri. Siku ya pili, tangi la vyoo vya ukumbi likakauka. Hakuna aliyejua mpaka watu walipoanza kutoka wameshika pua. Hapo ukumbini, hatua hamsini kutoka tangi lile, kuna meza mbili tatu za vijana wanaouza vitu vya kupima maji, na mmojawapo ni mie! Nikaenda kwa kamati, nikasema tutakufungieni kimoja bure, hata kama ni kwa matangazo tu. Nikaambiwa niandike barua.

Nilipopandisha sauti, kijana mmoja wa kamati akanambia kwa upole wa kuudhi, "Kaka, hata Marekani wanafanya hivi hivi, ndiyo dunia ya teknolojia." Hapo ndipo aliponimaliza. Kwa sababu mie nimeanza ufundi tangu enzi za flopi, na haya mambo ya Marekani nayafuatilia.

Haya, tuitazame hiyo Marekani. Las Vegas kulikuwa na maonesho ya kompyuta yakiitwa COMDEX, yameanza 1979. Zama zake watu walipita 200,000, mji mzima hupati chumba. Mara ya mwisho yamefanyika 2003. Yamekufa zaidi ya miaka ishirini sasa na kompyuta hazijawahi kuuzwa vibaya kwa sababu hiyo.

Apple nao walikuwa na mazoea ya kutolea vitu vyao kwenye maonesho ya Macworld, San Francisco. iPhone ya kwanza imeoneshwa huko, 9 Januari 2007. Wiki ile ile CES, maonesho ya vyombo vya umeme yanayojulikana kuliko yote, yalikuwa yanaendelea Las Vegas, na waliolipa mabanda yao ya fahari wakabaki wanaulizana habari za simu isiyokuwemo ukumbini mwao. Kisha mwisho wa 2008 Apple wakasema na Macworld yenyewe ya Januari 2009 ndiyo ya mwisho kwao. Maduka yao wakati ule yalikuwa yanaingia watu zaidi ya milioni 3.5 kila wiki, wakalipie meza ya nini?

Michezo ya kompyuta ilikuwa na maonesho yake, E3, Los Angeles, tangu 1995. Nintendo, watengenezaji wa michezo hiyo, wakazoea kurusha video zao wenyewe mtandaoni, Sony wakaacha kwenda 2019, na Disemba 2023 wenye E3 wakatangaza wamefunga. Na ile ChatGPT ambayo kila mhadhiri wa pale jukwaani kaitaja mpaka tumechoka? Imetolewa 30 Novemba 2022 mtandaoni tu, mtu anafungua akiwa kitandani kwake. Haikukatwa utepe.

Lakini msiba ninaotaka kamati yetu iusome ni wa Hannover, Ujerumani. Huko kulikuwa na CeBIT, iliyojitenga na maonesho ya viwanda mwaka 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipita wageni 800,000. Ndiyo, laki nane, kwenye maonesho ya kompyuta. Baada ya hapo wageni wakawa wanapungua, na ule mchanganyiko wa wenye biashara na watu waliokuja kutembea tu na kujaza mifuko ya vipeperushi ukawachosha waliolipa mabanda. Wakafanyaje? 2018 wakaihamisha kutoka Machi kwenda Juni, wakaleta muziki, wakaweka na lile bembea kubwa la kuzunguka ambalo watu wanapanda wakatazama kwa juu, ili ati iwe tamasha la vijana. Novemba mwaka ule ule ikatangazwa kwamba haitafanyika tena.

Muziki na bembea! Sisi tumekosa bembea tu.

Atakuja mtu hapa kunambia mbona CES ipo mpaka leo. Ipo, na mie sikatai. Imeanza New York 1967. Januari 2020 ilipata watu zaidi ya 170,000, ikaja korona, 2021 ikafanywa mtandaoni mtupu, 2022 wakarudi elfu arubaini na kitu, na 2025 wamepita tena 140,000. Kama kazi ya maonesho ingekuwa ni kutazama vitu vinavyowaka taa, wangebaki kwenye video, nauli wangeiweka mfukoni. Wamerudi kwa sababu mwenye kiwanda anakaa meza moja na mwenye maduka mia mbili, wanapatana bei, na jioni wanakula pamoja. Na sikilizeni hili, nyinyi mnaosema tunaiga Marekani: CES haifunguliwi kwa kila mtu. Lazima uwe na kazi inayohusika na biashara hiyo, na aliye chini ya miaka 18 haingii. Barcelona nako kwenye maonesho ya simu, kampuni za simu zinakuja kukutana na wanaowauzia mitambo. Taipei wana maonesho ya kompyuta, Computex, tangu 1981, na pale mnunuzi akikipenda kitu mezani, viwanda haviko mbali, anaweza kwenda kuviona mwenyewe.

Kwa hiyo yaliyobaki hai ni yale yaliyomleta mnunuzi. Yaliyogeuka tamasha yamezikwa na bembea lao. Na sisi katika vyote vya kuiga tumeiga zulia, jukwaa na shingo za watu kufungwa vitambulisho vya kamba.

Ndiyo maana nasema bidhaa iliyouzwa pale ukumbini kwa siku nne ilikuwa moja tu, nayo ni meza. Sisi ndio tulionunua. Mwandaaji keshapata laki tatu na nusu yangu kabla sijafika, mdhamini keshapata picha na mgeni rasmi, sasa nani ana haja ya kuhangaika kumtafuta muuza pampu wa Mwanakwerekwe? Tulipotaka kuondoka tukagaiwa vyeti vya ushiriki. Kilemba cha ukoka. Na jina letu wamelikosea.

Kifaa cha pili nani kanunua? Dereva wa gari la maji. Wallahi. Yule aliyeitwa kuja kujaza lile tangi la vyoo. Alikuwa amekaa nje ya geti anakunywa urojo, tukakaa naye kwa kuwa ndani hakusikilizani, na binamu yangu hawezi kukaa na mtu dakika mbili bila kueleza kazi yake. Dereva akacheka kwanza, akasema tunataka kumharibia biashara. Kisha akauliza kama kidude kinaweza kumjulisha yeye tangi la mteja linapokaribia kukauka, ili afike kabla hajapigiwa simu mwengine. Hilo sisi hatukuwa tumelifikiria hata siku moja! Kakinunua palepale kwenye benchi la urojo, na tangu juzi keshanipa namba za wenye nyumba za wageni wawili wa Paje.

Kwa hiyo msije mkaniambia mie sitaki watu wakutane. Kukutana ndiko kulikonilipa, tena nje ya geti, bure, ukiacha bei ya urojo. Ninachokataa ni kuuziwa meza na mtu ambaye hakumuita mnunuzi. Mwakani nikiletewa fomu, kabla sijatoa hata shilingi nitauliza: nani mmemualika aje kununua, na kathibitisha? Jibu likiwa redio, ile laki tatu na nusu nitajaza mafuta kwenye vespa, nizunguke duka kwa duka Darajani mpaka Chake.

NAONGEZEA baada ya kusoma majibu:

Aliyesema nna wivu kwa sababu hatukupata tuzo: tuzo ya ubunifu imekwenda kwa banda la mdhamini, lililokuwa na runinga kubwa na mashine ya kahawa. Kahawa ilikuwa nzuri, hilo nakiri.

Aliyesema niende Kigali au Marrakech kwenye maonesho makubwa ya huko: ahsante, yakhe. Najua Kigali wanaleta yale ya simu tangu 2022 na Marrakech yale ya teknolojia yanayoitwa GITEX yameanza 2023. Nitafutie nauli na pa kulala, meza nitajitolea mwenyewe.

Dada aliyeandika kuwa alikuwa meza ya pembeni kwangu na yeye kauza vizuri: nafurahi kwa dhati, lakini wewe ulikuwa unauza kava za simu na chaja, dada yangu. Wale watoto wa skuli walikuwa wateja wako.

Kijana wa kamati kaniandikia faraghani anasema nimewachafulia. Nimemuomba anitajie mwenye duka la pampu mmoja tu waliyempelekea kadi. Amesoma, hajajibu. Ile barua ya tangi pia haijajibiwa.

Na mnaouliza bei, njooni inboksi, hapa sitaki kufanya soko. Mwenye pampu ya nguvu zaidi ya farasi moja anambie kabla, maana swichi yake ni nyengine na inatoka kwa fundi mwengine wa Mlandege, siku tatu.